Chumvi ya Dirishani

Mume wangu alikuwa fundi bomba, lakini nyumba yetu ilinuka siki. Alikuwa akirudi jioni, anavua buti mlango wa nyuma, anasalimia, halafu anaomba yai, gilasi na mshumaa. Mtaani walimwita Profesa. Shule aliiacha mapema, hata darasa la saba hakumaliza. Ila mjukuu wetu alipokuja likizo na vitabu vyake vya sayansi, mzee alivisoma yeye kwanza, miwani imeshukia puani, na kesho yake sufuria zangu hazikuwa zangu tena.

Nilikuwa mkali, sikatai. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele, na kazi ya kitambaa haitaki fujo. Nikiingia jikoni nakuta yai limelazwa kwenye siki mpaka ganda lote limeyeyuka na yai linabonyea. Siku nyingine nakuta ua jeupe kwenye gilasi ya maji ya wino, linageuka buluu kuanzia pembeni, au puto limevishwa mdomo wa chupa na linajaa lenyewe, na wawili hao wamekodoa macho utadhani wanatazama fainali. Mzee alimwita mjukuu wake mke mdogo, ndio utani wetu, nami nikamwita mke mwenzangu. Nilikuwa nawauliza, mke mwenza gani huyu, anakula kwangu na jiko langu ananichafulia. Walicheka wakaendelea na yao.

Walikuwa na sheria moja. Kabla ya jaribio kuanza, kila mtu aliandika kwenye karatasi anachobashiri kitatokea, akaikunja, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo halikufunguliwa mpaka jaribio liishe. Na karatasi iliyokosea haikuchanwa. Mzee alisema kukosea si aibu, aibu ni kujifanya hukubashiri. Kila mara walininyooshea na mimi karatasi, na kila mara niliwajibu kwamba nina nguo za watu.

Jaribio la mwisho walilianza siku moja kabla mjukuu hajarudi shule. Mzee alichemsha maji, akatia chumvi, akakoroga, akatia tena mpaka ikakataa kuyeyuka. Akayamimina kwenye chupa pana ya jamu, akaja kuniomba uzi. Nikampa mweusi wa kushonea suruali, tena kwa kunung'unika. Alifunga punje ya chumvi kwenye ncha ya uzi, akauning'iniza ndani ya maji kwa penseli iliyolazwa mdomoni mwa chupa, akaiweka dirishani. Alisema isiguswe wala isitikiswe. Likizo ijayo wangeona kilichoota.

Baada ya wiki tatu aliniita nikatazame, kitu kimeanza kuota. Nikasema nakuja. Sikwenda, nilikuwa napinda mapazia. Wiki iliyofuata alitoka asubuhi kwenda kuzibua bomba mtaa wa pili, na saa sita wakaja kuniambia amelala chini ya sinki la watu, haamki. Moyo, daktari alisema. Buti zake nililetewa kwenye mfuko.

Mjukuu alikuja mazishini akakaa siku tatu katikati ya umati. Siku ya kuondoka alinishika mkono kule jikoni.

"Bibi, nitunzie chupa ya babu. Nikirudi likizo tutafungua kopo pamoja."

Nikamwambia aondoe shaka. Nilimaanisha, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumtunzia. Nguo za mzee tuligawa, vifaa vyake alichukua fundi mwenzake, na ile chupa ndiyo kazi pekee aliyoiacha ikiendelea. Siku hiyo ndipo niliitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kwenye uzi wangu mweusi kulikuwa na vipande vya chumvi vya mraba, vimebanana, pembe zake zimenyooka kuliko mapindo yangu. Niliona uchungu kwamba sikuinuka siku ile aliponiita.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani nilikwenda dirishani. Haukupita muda nikaona maji yanapungua.

Sasa naomba nieleweke. Maisha yangu yote, kitu kikipungukiwa maji unakiongezea. Maharage ni hivyo, ua la kwenye kopo ni hivyo, pasi ya mvuke ni hivyo. Nilichemsha maji safi, nikayapoza, nikayatia kwa kijiko cha chai, polepole, uzi usitikisike. Nikawa nafanya hivyo kila siku, na huku natia nazungumza na mzee, namwambia mambo mazuri ambayo wakati wa uhai wake nilikuwa nayameza. Baadaye nikaona vile vipande vinasinyaa. Nikajilaumu kwamba nimekuwa bahili wa maji, nikaongeza vijiko.

Likizo ilipofika uzi ulikuwa mtupu.

Mjukuu aliingia na begi mgongoni, akanisalimia, akaenda moja kwa moja dirishani. Aliinama akautazama uzi.

"Bibi, uliongeza maji?"

"Kila siku, mama. Sikuruka hata moja."

Alinieleza taratibu, kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye chupa. Maji yalitakiwa yapungue. Yakipungua, chumvi inakosa pa kukaa, inakimbilia kwenye uzi. Ukiyaongeza, inarudi kwenye maji. Kisha akasema si neno, bibi, akaenda kuoga. Alifungua bomba kwa nguvu nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Asubuhi niliamka wa kwanza, na sikuweza kuitazama ile chupa. Hasira ilinipanda, ile hasira ya kujikasirikia mwenyewe ambayo haina wa kumwangukia. Niliibeba. Kwenye sinki sikuthubutu, kwa kuwa miaka yote mzee alinikataza kumwaga chumvi na mafuta kwenye mabomba yake. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwaga maji yote kwenye ngazi ya saruji. Uzi niliuzungusha kidoleni nikautia mfukoni, maana uzi mimi situpi. Chupa nikaiosha kwa sabuni, nikaipindua ikauke.

Tulipomaliza chai, mjukuu alishusha kopo. Alisema jaribio limeisha, hata kama limeisha vibaya, na sheria ni sheria. Karatasi zilikuwa mbili. Yake ilisema chumvi itakuwa kubwa kama dadu. Akafungua ya babu yake, ule mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa za kuandikia majina ya wateja, akaisoma kwa sauti.

"Nabashiri nikiwa kazini mke mkubwa hatavumilia kuona maji yanapungua. Ataongeza. Mke mdogo, usinune. Chumvi haipotei, imo humo humo. Tuyaache maji yapungue tena, itarudi."

Mjukuu alicheka, mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu. Akainuka kwenda dirishani, akaikuta chupa imepinduliwa kando ya sinki.

"Bibi, maji yako wapi?"

Nikamwambia. Safari hii hakulia, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi. Aliketi akaikunja karatasi ya babu yake kwa kufuata mikunjo yake ile ile. Mimi ndiye niliyelia, mimi ambaye mazishini walinisifu kwa kujikaza. Mzee alimjua mkewe. Kosa langu la kwanza alilibashiri neno kwa neno. La pili hakuliandika, na najua kwa nini. Miaka thelathini na mitano, kila nilipobeba kitu chake kwenda kukimwaga, alikuwa pale mlangoni akiniambia, "Subiri kwanza, mama." Haikumjia kwamba nitafika mlangoni na asiwepo.

Alasiri nilitoka na ufagio, kwa mazoea tu. Ngazi ile imelika katikati, miaka na miaka ya buti zake, na maji ya asubuhi yalikuwa yametuama hapo hapo. Jua lilikuwa limeshinda pale. Pale buti zilipokuwa zikikanyaga palikuwa peupe.

Niliweka ufagio chini nikamwita mjukuu. Tulipiga magoti wote wawili, wajane wa bwana mmoja, yeye na kijiko, mimi na rula yangu ya chuma, tukakwangua. Tulipata chumvi kidogo na mchanga mwingi. Aliiyeyusha kwenye maji ya moto, mimi nikakata kipande cha bitana nyeupe, tukachuja mara mbili. Yaliyotoka hayakufika hata vidole viwili kwenye chupa. Nikatoa uzi mfukoni, akaufunga tena kwenye penseli. Nikamuuliza kama yatatosha kuotesha chochote.

"Sijui, bibi. Ndiyo maana tunabashiri."

Akaandika yake. Kisha akanisogezea karatasi na mimi, bila kunitazama, akitegemea jibu langu la siku zote. Nguo za watu zilikuwapo, tena za harusi. Nikachukua kalamu.

Habari za chumvi sikuandika hata moja. Niliandika kwamba kesho asubuhi nikiwa kwenye cherehani, mzee ataniita kutoka jikoni nikatazame kilichoota, na nitainuka mara moja niende. Nikaikunja, nikaitia kwenye kopo kwa mkono wangu, nikalirudisha juu ya kabati. Najua nimekosea. Lakini nyumba hii karatasi iliyokosea haichanwi.