Kufuli la Kumi na Tisa

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, Aili Kangas aliingia dukani kwa Reino Salmi, akakung'uta theluji kwenye viatu, akasema anataka bunduki ya kulungu. Reino alikula chakula cha Aili utoto wake wote, maana Aili ndiye aliyekuwa mpishi wa shule ya Ruona kwa miaka thelathini na moja. Kwa hiyo hakumwuliza ile bunduki ya marehemu mumewe ilikuwa wapi. Mji mzima ulijua. Ilikuwa imetundikwa kambini, na kambi ilikuwa nyuma ya geti.

Kambi yenyewe ni kibanda cha magogo alichojenga baba wa Urho, huyo marehemu mume wa Aili, kwenye msitu wa kampuni ya karatasi, enzi ambazo kampuni ilimwachia kila mtu awinde. Mwaka jana kampuni iliuza msitu wote kwa klabu ya wawindaji wa mbali, ambao wengi wao hatujawaona sura hadi leo. Mwezi Machi likasimamishwa geti la chuma lenye kufuli. Kisha ikaja barua kusema kwamba kilichomo ndani ni mali ya mwenye ardhi. Urho alikuwa na wiki tatu kaburini. Mimi nasema wizi ni wizi, hata ukipigwa chapa na kutiwa muhuri.

Na Aili hakuililia bunduki. Kwetu, mwindaji akimkosa kulungu, wenzake humkata shati pindo la nyuma, wakaliandika jina na mwaka, wakalipigilia ukutani kambini. Urho alikatwa lake akiwa na miaka kumi na minne. Aili alikatwa lake mwaka waliooana, na Urho akayapigilia mapindo yote mawili kwa msumari mmoja. Aili alivitaka vile vitambaa viwili kuliko kitu chochote duniani, na alimwambia hivyo kila aliyemuuliza, na wengi ambao hawakumuuliza.

Reino aliweka bunduki mbili juu ya kaunta. Zote za komeo la kuvuta kwa mkono, zote za risasi ya aina moja, na bei karibu sawa.

"Hii ya kitako cha plastiki ni nyepesi," alisema. "Unatembea nayo kutwa na bega halikulaumu. Ila mtutu wake mwembamba. Ukipiga tano mfululizo unapata moto, risasi zinaanza kutawanyika. Hii ya mti wa mjozi, mtutu mnene. Unapiga shabaha toka asubuhi mpaka jioni haitikisiki, na teke lake dogo. Lakini nzito, mama. Kuibeba kwenye theluji ni kama kumbeba mjukuu aliyelala."

"Wajukuu waliolala nimebeba sana," alisema Aili. Alivuta komeo la kila moja, akalirudisha, akasikiliza. "Twende tukazijaribu."

Uwanja wa shabaha uko nyuma ya kituo cha zimamoto. Aili alilala kwenye mkeka, akaanza na ile nyepesi. Yadi mia moja, risasi tatu, matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa sarafu moja. Reino akaguna kwa kuridhika. Kisha Aili akachukua ile nzito, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akapiga mara tatu.

Karatasi haikuguswa.

Risasi zilisikika zikikata kona penye posta na kushika barabara ya mashariki. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisahihisha madaftari alisema baadaye kwamba zilipunguza mwendo mbele ya shule, kama kibao kinavyotaka. Dakika moja baadaye simu ya Reino ikalia. Alikuwa Toivo, mdogo wake Urho, mlinzi wa geti la klabu.

"Nani anapiga risasi huko?"

"Shemeji yako."

"Mwambie amevunja kufuli. Zote tatu zimeingia tundu la ufunguo."

Reino akakata simu, akaukagua mtutu kwa kuuelekeza kwenye mwanga. "Inavuta upande wa mashariki," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

"Maili kumi na moja. Ningekurekebishia darubini, lakini vizungushio vyake havifiki huko." Alifikiri kidogo. Alikuwa muuzaji mwaminifu. "Mama Aili, nikushauri kama mwanao. Hiyo nyepesi ndiyo ya nyama. Ukichukua hii nzito, friji yako italala tupu mpaka masika."

Hilo lilikuwa kweli, na Aili alilijua kuliko yeye. Pensheni ya mpishi inatosha kuni na umeme. Nyama ya majira ya baridi hutoka msituni. Alisimama akiwa ameshika bunduki moja kila mkono, na mkono wa kulia ukawa unashuka kwa uzito.

"Nifungie hii," alisema, akanyanyua wa kulia. "Nyama nimekula miaka sitini na tatu."

Klabu ililalamika kwa barua. Naibu sherifu, kijana wa akina Rautio, akaja Jumatano uwanjani na daftari lake, akamkuta Aili amelala kwenye mkeka.

"Mama Aili, unalenga nini?"

"Ile karatasi pale. Njoo uone mwenyewe."

Alilala kando yake, akatazama kwenye darubini. Alama ya msalaba ilikuwa katikati kabisa ya duara. Akaomba ajaribu yeye. Alipiga moja, akasikiliza ikikata kona ya posta, akangoja mpaka Toivo alipopiga simu. Kisha akaandika kwamba raia alilenga shabaha halali katika uwanja halali, na kwamba sheria ya kaunti inahusu mahali mtu anapolenga. Akamwomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama bado anaoka mikate ya iliki. Reino naye alikuwa amewaandikia watengenezaji, nao wakajibu kwa adabu: dhamana yao ni risasi tatu ndani ya inchi moja, na tundu la ufunguo ni dogo kuliko inchi, hivyo hawaoni kasoro.

Ungeuliza kwa nini Aili hakuendesha tu gari hadi getini baada ya kufuli kuvunjika. Alijaribu, mara mbili. Barabara ina barafu, na kila alipofika alimkuta Toivo ameshatundika jipya, boksi la mengine liko kwenye kiti cha gari lake.

"Fungua, Toivo. Robo saa tu. Nachukua vitambaa viwili, natoka."

"Shemeji, usinitie majaribuni. Mke wangu Lempi anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima ni ya hawa watu." Hakumtazama usoni. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha tangu Machi," alisema Aili. "Sasa ni zamu yake kunipisha mimi."

Alikuwa na hasira, lakini si na Toivo. Alimpa nusu ya mkate aliokuja nao, akageuza gari.

Tarehe kumi na tano msimu ulifunguliwa. Aili na Reino walikaa kwenye msitu wa serikali tangu alfajiri, migongo kwenye msonobari mmoja. Saa mbili na nusu akatoka dume mwenye pembe za ncha nane, akasimama ubavu wazi, hatua sitini. Hata mtoto asingemkosa. Aili alilenga nyuma ya bega, akabana kifyatuo taratibu kama inavyotakiwa. Risasi iliondoka, ikampita dume kwa heshima, ikaelekea mashariki. Dume alitafuna kijiti, akawatazama, akaenda zake.

"Umekosa," alisema Reino, akatoa kisu. "Mila ni mila, mama."

"Kata. Na usikate kwa woga."

Pindo hilo Aili alimpa Toivo, akalipigilia kwenye nguzo ya geti. Klabu ikamwamuru alitoe. Akalitoa.

Siku iliyofuata Aili alikosa tena. Siku ya tatu Reino aliiazima ile bunduki, akamkosa kulungu jike hatua ishirini, akakatwa shati. Kisha kijana wa akina Rautio, siku yake ya mapumziko. Kisha yule mwalimu. Kila aliyekosa alivunja kufuli jingine, na pindo lake likaenda kwa Toivo, akalipigilia getini mpaka klabu ilipomwamuru alitoe. Ilifika mahali watu wakawa wanapanga foleni dukani kuiazima, na friji nyingi za Ruona zikabaki tupu mwaka huo, jambo ambalo wake na waume walilaumiana kwalo kidogo, kisha wakalizoea. Jumapili ya mwisho ya Novemba, kanisani, tuliposimama kuimba, migongo yetu ilipigwa na baridi safu nzima. Mchungaji alihubiri habari nyingine kabisa. Yeye pia shati lake lilikuwa fupi nyuma.

Tarehe thelathini, jioni msimu ulipofungwa, Toivo alibisha mlango wa Aili. Alikuwa na mfuko wa karatasi, akaumimina mezani: mapindo yote aliyoamriwa kuyatoa getini, yamekunjwa moja moja. La juu kabisa lilikuwa la flaneli ya kijani. Aili alilitambua kwa sababu ndiye aliyemnunulia Toivo shati hilo Krismasi. Akamwambia ageuke. Mgongo wake ulikuwa wazi kuanzia kiunoni.

"Niliiazima kwa Reino leo asubuhi," alisema Toivo. "Dume kubwa, nyuma ya nyumba yangu. Lempi alikuwa dirishani. Nikamkosa. Lempi ndiye aliyekata."

"Na kufuli?"

"Nikawasha gari nikaenda kutundika jingine. La kumi na tisa." Alivua kofia. "Kazi ni kazi, shemeji."

Aili akachukua nyundo kwenye droo. Akalipigilia pindo la Toivo kwenye ukuta wa jikoni, na chini yake yale mengine, mpaka misumari ikaisha. Juu ya yote aliacha nafasi ya vitambaa viwili na msumari mmoja. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, hakuona haya.

"Umebakiwa na mangapi kwenye boksi?" aliuliza.

"Sita. Wameagiza maboksi mengine mawili."

"Msimu wa kulungu umefungwa leo," alisema Aili. Akamsogezea kikombe na kipande cha mkate wa iliki. "Uwanja wa shabaha haufungwi. Kunywa kahawa yako, Toivo, ukalale mapema. Kesho una kazi."