Fungeni Geti

Bomba la mvuke lilipita usawa wa bega lake, kwa hiyo Sisimizi alikaa upande, magoti kidevuni, mkono wa gauni mdomoni. Mkono wa gauni ulikuwa wa kuzuia kikohozi. Vumbi la sabuni lilikuwa likimwasha koo tangu asubuhi, na mama yake alishamwambia wazi kabla ya kumsukumia huku nyuma: "Ukikohoa, mwanangu, tumekwisha. Hata mara moja tu."

Hapo palikuwa kati ya ukuta na mashine mbovu, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Mtu mzima asingeenea. Mtoto wa miaka sita alienea, kwa sababu watoto wa maskini huenea popote wanapobanwa. Kila alfajiri mama alimpitisha getini ndani ya mkokoteni, chini ya mashuka machafu ya wageni, na jioni akamtoa vivyo hivyo, chini ya mashuka safi. Kuleta mtoto kazini kulikuwa marufuku. Aliyeleta alifukuzwa siku hiyohiyo. Aliyemsema mwenzake kwa msimamizi alipewa Jumapili ya kupumzika. Ndiyo maana wanawake wa humo walikunja mashuka bega kwa bega mwaka mzima bila kuulizana habari za nyumbani.

Zamani aliachwa kwa jirani mmoja aliyelea watoto wa watu. Jirani akamrudisha. "Mtoto wako anaongea na hewa," alimwambia mama mlangoni, bila hata kushusha sauti. "Anaicheka, anaigawia uji. Wenzake wanamwogopa. Mpeleke akaombewe." Mama hakumpeleka popote. Alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akalia, na Sisimizi hakuelewa amekosa nini.

Hiyo hewa ilikuwa na jina. Iliitwa Povu. Povu alikuwa rika lake, mcheshi, mwoga wa giza, na siku hizi aliishi ndani ya tumbo la mashine mbovu. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu, pale mpira wa maji ulipochomolewa, na hapo ndipo Sisimizi aliweka mdomo na kunong'ona. Povu hakumwambia anyamaze hata siku moja. Katika dunia nzima alikuwa yeye peke yake.

"Leo kuna watu wengi huku mbele," alisema Povu.

"Usiogope. Niko hapa."

Lakini yeye mwenyewe aliogopa. Viatu vya msimamizi vilikuwa vinakuja. Alivijua kwa mlio, maana humo ndani ndivyo pekee vilivyokuwa na visigino. Vikasimama mbele ya mashine.

"Hii ifufuke leo, fundi. Hoteli hawanipi usingizi kwa simu."

"Ni mkanda na mpira tu, bosi. Haitachukua muda."

Kupitia upenyo Sisimizi alimwona mama yake kwenye meza ya kukunjia. Mikono ya mama haikusimama. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena lilelile.

Fundi akazunguka nyuma. Akapenyeza mkono wenye grisi, kisha kichwa, na macho yao yakakutana. Alikuwa mzee wa ndevu chache. Alimkodolea macho mtoto, mtoto naye akauma mkono wa gauni kwa nguvu zake zote.

"Mbona umeganda? Kuna nini huko?" aliuliza msimamizi.

"Panya, bosi," alisema fundi. "Tena amekonda, maskini. Sidhani kama mnamlisha."

Wanawake wawili watatu walicheka kicheko kifupi. Fundi akafanya kazi yake haraka bila kumtazama tena, na kazi yenyewe ilikuwa kuchomeka mpira mpya kwenye lile tundu.

"Yumo ndani," alinong'ona Sisimizi.

Fundi akaweka kidole mdomoni. Alikuwa mtu mwema, na hata watu wema walitaka kitu hichohicho kwake.

Huko mbele mkokoteni ulimiminwa mashineni kwa mkupuo mmoja, mashuka juu ya mashuka, hakuna aliyetazama, na mlango ukabamizwa. Maji yakaingia. Mashine ikatetemeka, ukuta ukatetemeka, kisha tumbo lote likaanza kuzunguka. Du. Du. Du. Povu alikuwa anapiga ngumi.

Sisimizi alijua kilichokuwa hatarini. Mama alishamweleza kama mtu mzima: bila kazi hii hakuna chumba, na bila chumba watalala kwenye varanda za watu. Aliyajua yote hayo. Alijibana, akafumba macho, akaziba masikio kwa viganja. Du. Du. Kisha Povu akamwita kwa jina.

Hakukumbuka alivyotoka. Alikumbuka kitufe chekundu ukutani, kile ambacho wanawake walikipiga kofi kila shuka liliponasa, na kwamba alikirukia mara mbili ndipo akakifikia.

"Kuna mtoto ndani!" alipiga kelele. "Kuna mtoto ndani ya mashine!"

Kitufe kilizima kila kitu. Katika kimya hicho msimamizi alimtazama mtoto, akatazama kioo cha mashine kilichojaa mapovu, na uso ukamsawijika. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Fungeni geti."

La pili: "Asitoke mtu. Na nisione simu."

"Bosi, tufungue mlango kwanza!" alisema fundi. "Umejifunga, haufunguki mpaka maji yatoke. Ngoja nikate mpira..."

"Geti kwanza, nimesema!"

Fundi hakungoja. Aling'oa mpira aliotoka kuuchomeka na maji ya moto yakatapakaa sakafuni.

Hapo ndipo Mama Pasi, ambaye kila mtu alijua hana mtoto, alipotupa pasi chini na kukimbilia stoo ya sabuni. Alitoka amembeba mvulana mwenye unga mweupe kwenye kope. Mwingine akainama chini ya meza ya kukunjia, akavuta msichana kwa mkono. Wa tatu, binti waliyemwita Kimya, alirukia mkokoteni uliomiminwa muda si mrefu. Ulikuwa mtupu. Akapiga magoti kwenye maji, akaanza kugonga kioo cha mashine kwa viganja, akilia, "Mwanangu! Mwanangu jamani!" mpaka sauti ndogo ikatoka kwenye rundo la mataulo.

"Mama, nilihama. Kulikuwa na joto."

Watoto wakatazamana. Siku zote hizo walikuwa wakijificha wakisikilizana pumzi bila kujua.

Mlango wa mashine ukafunguka. Fundi aliingiza mikono mpaka mabegani, akatoa shuka, shuka, shuka. "Hamna mtu," alisema, na akakaa chini palepale.

Msimamizi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe mtoto, nani alikuwa humo?"

"Povu."

"Povu!" Akacheka tena. Kisha macho yake yakawafikia wanawake na watoto waliowang'ang'ania magauni, na kicheko kikamwisha. Akamnyooshea Sisimizi kidole. "Huyu wa nani?"

Mama akasogea mbele. "Wangu, bosi."

"Bosi," alisema Mama Pasi. "Uliposikia kuna mtoto ndani, mbona ulikimbilia geti?"

Msimamizi hakumtazama. Alikunja vizuri mikono ya shati lake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mashuka ya hoteli lazima yatoke leo," alisema. "Mtayamaliza. Yakiisha, nyinyi wanne msirudi kesho. Na hawa watolewe nje sasa hivi. Hapa ni hatari kwa watoto."

Mama alimsindikiza mpaka getini. Hakumpiga. Alimfunga kifungo cha gauni kilichofunguka, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, lakini jina lake likaitwa ndani na akarudi mbio. Mlinzi akafunga geti.

Watoto wanne walikaa juani, migongo ukutani, kila mmoja mbali na mwenzake. Hakuna aliyelia. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Nyuma ya ukuta mpira ulirudishwa, maji yakaingia, na mashine mbovu, iliyopona sasa, ikaanza upya. Du. Du. Du.

Mvulana wa stoo ya sabuni alijikokota taratibu mpaka karibu na Sisimizi. Alitazama huku na huku kwanza.

"Huyo Povu," alinong'ona, "bado yumo?"

Sisimizi alitaka kumjibu. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini mama yake alimkataza asitoe sauti, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba sasa anaweza. Akatia mkono wa gauni mdomoni, akauma.