Ibada ya Kiswidi ya Saa Nne

Jumapili, tarehe 5 Novemba 1989. Asubuhi hiyo ukungu mzito ulitoka baharini, na barafu nyembamba ilikuwa imeshika madimbwi ya barabarani.

Nilitembea kwenda kwenye nyumba yetu ya sala, hapa Vaasa, mji wa pwani ya Ufini wenye lugha mbili, nikiwa na hofu. Baada ya ibada kungekuwa na kura: ibada ya Kiswidi ya saa nne ifungwe, au iendelee. Walibaki wazee kumi na mmoja tu. Ibada ya Kifini ya saa saba mchana ilijaa hadi mlangoni.

Mimi nimezaliwa kwenye Kifini. Utotoni, dirisha la jikoni kwetu lilitazamana na la kina Gunvor, na kila Jumamosi nilimsikia mama yake akisali kwa sauti huku akitoa mikate ya iliki tanurini. Sikuelewa hata neno, lakini nilijua anasema na nani. Baba alisema Kiswidi ni cha matajiri wenye meli. Mama yake Gunvor alikuwa mfua nguo.

Nilipostaafu kiwandani nilijiandikisha masomo ya jioni. Miaka mitatu, Jumanne na Alhamisi, nikimwomba Mungu anifungue ulimi. Kisha, mwaka jana, nikaanza kwenda saa nne.

Wenzetu wa Kiswidi wana adabu yao: akiingia msema Kifini mmoja kati ya watu ishirini, wote wanageuza lugha. Siku niliyoketi pale, Ndugu Helge, mzee wa ibada, alisoma Neno kwa Kifini. Nilimshukuru kwa Kiswidi, akanijibu kwa Kifini. Ikawa hivyo kila Jumapili. Nilijua wananipenda, nikaridhika.

Wakati wa kahawa Helge aliweka mezani karatasi za kura, akasema kwa Kifini kama kawaida:

"Ndugu zangu, mwaka mzima hata saa nne tumesali Kifini. Ya nini kuwasha jiko la kupasha nyumba joto mara mbili?"

"Kwani kuni unapasua wewe?" Gunvor, yule jirani yangu wa utotoni, alimkata kauli. "Mimi nakuonaga unaziangalia tu."

Watu walicheka. Helge naye alicheka.

"Dada Gunvor, Kifini unakijua kuliko hata mimi."

"Nakijua. Sokoni nabishania samaki kwa Kifini, na daktari namgombeza kwa Kifini. Lakini nikipiga magoti, Helge, maneno hayaji. Mwaka mzima nimekaa bubu mbele za Mungu."

Niliweka kikombe mezani. Mwaka mzima! Tangu nilipoingia mimi.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nikwambie nini? Nikufukuze?"

"Basi sitarudi tena saa nne," nilisema.

"Thubutu! Tubaki kumi na mmoja tena? Kaa hapo hapo."

Helge alinitazama juu ya miwani. "Shida si yeye kukaa. Shida ni sisi. Akikunja uso kidogo tu, tunamhurumia, tunageuza. Na mimi nasoma haraka, Dada Tellervo. Utaelewa kweli?"

"Nisipoelewa nitanyamaza. Gunvor ameweza mwaka, mimi nitashindwa?"

"Haya." Alizikusanya zile karatasi, lakini hakuziweka mfukoni. "Hazigawanywi leo, kwa sharti moja. Simama uahidi, wote wasikie."

Nilisimama. Niliomba kimoyomoyo, kisha nikasema kwa Kiswidi, polepole, nikiwatazama wote kumi na mmoja:

"Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: saa nne, ndani ya nyumba hii, sitasema Kifini wala kujibu Kifini. Atakayenihurumia akageuza lugha, nitamnyamazia mpaka arudi. Na Jumapili ijayo, Dada Gunvor akipiga magoti kusali, nitapiga magoti kando yake, niitikie amina kwa lugha yake."