Tairi la Nyuma la Teodora

Mwezi wa Machi kuku wa kijiji cha Mwagulya walikufa karibu wote kwa kideri, na watu walijua wa kumlaumu. Mchanjaji wao alikuwa Teodora. Aliishi Usagara, na kila baada ya miezi mitatu alizunguka vijiji vya mbugani kwa baiskeli, kibebeo cha barafu kimefungwa nyuma, akitia tone moja la chanjo kwenye jicho la kila kuku. Kazi hiyo ilitaka afike alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa, na afike barafu haijayeyuka.

Safari ile alichelewa. Wiki mbili nyuma alikuwa amebadilisha tairi zake zilizolika na kuweka mpya, pana, zenye meno makubwa, ambazo muuzaji alizisifia kuwa ndizo za porini. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya gia, ya zamani, iliyoundwa wakati tairi za aina hiyo zilikuwa bado nyembamba. Kati ya tairi jipya la nyuma na fremu haikubaki nafasi hata ya kupitisha kidole. Kwenye barabara kavu hakuona tofauti. Mvua ilipolowesha udongo mweusi wa mbugani, tope lilijaa pale likashindiliwa, na gurudumu likagoma kuzunguka. Alikwangua kwa kijiti, akaenda hatua ishirini, likajaa tena. Mwishowe akaibeba baiskeli begani.

Alifika Mwagulya saa nne asubuhi. Kuku walikuwa wametawanyika mashambani na barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Chanjo akaimwaga. Alipanga kurudi wiki ile ile, lakini mvua haikukatika, na siku kumi baadaye ugonjwa ukaingia.

Rose, mama mmoja wa pale aliyekuwa na kuku arobaini na wawili, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ungetuma neno kwamba umekwama, tungetafuta mtu mwingine."



Teodora akaanza kutafuta tairi. Alitaka jembamba, lenye meno, basi. Alizunguka maduka ya baiskeli ya Mwanza mjini siku mbili. Nyembamba zilikuwepo, lakini zilikuwa laini, za lami. Kwenye tope zingemtelezesha. Zenye meno zilikuwepo pia, ila pana, na nyingi ni za rimu kubwa kuliko yake. Muuzaji mmoja alimshauri anunue baiskeli nyingine. Kwenye duka la mwisho alipata tairi jembamba lenye meno kiasi, limeandikwa namba 26 kama la kwake. Akalinunua bila kuuliza zaidi, akalipeleka Buhongwa kwa mzee Abubakary, fundi aliyemtengenezea baiskeli tangu alipoanza kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umechoka."

Abubakary alilijaribu tairi. Upande mmoja ulikaa, upande wa pili ukapwaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Akavaa miwani na kusoma maandishi ya ubavuni.

"Hapa wameandika 26 kwa 1⅜. La kwako ni 26 kwa 1.75. Yakiandikwa kwa nukta yana rimu yake, yakiandikwa kwa sehemu yana rimu nyingine. Yote yanaitwa ishirini na sita, lakini si ndugu."

"Sasa nitapata wapi la nukta, jembamba?"

"Madukani sidhani. Siku hizi wanaleta mapana tu." Alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri. "Kuna bwana mmoja Busisi, anaitwa Shimba. Alikuwa anauza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko. Nilimfungia mawili kama hayo kabla daraja la kuvukia ziwa halijafunguliwa. Kama hajayamaliza, unaweza kumwomba."

Jumamosi Teodora aliendesha hadi Kigongo, akavuka daraja, akauliza njia. Alimkuta Shimba, mtu wa miaka hamsini na kitu, akiezeka banda la mbuzi. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, vumbi limetanda kwenye kiti. Tairi zilikuwa nyembamba. Meno yalikuwa bado mazima.

Alimwamkia, akamweleza shida yake. Shimba alimsikiliza akiwa bado juu ya ngazi.

"Siuzi," alisema.

"Naona huitumii sana."

"Siitumii kabisa. Miaka kumi na minne nimeuza mayai kwenye foleni ile. Leo magari yanapita darajani, hata dirisha hawafungui. Nikitoa na tairi, kitakachobaki hapo ni chuma chakavu."

Teodora hakubishana. Aliomba maji ya kunywa, akakaa, na kwa kuwa Shimba alimuuliza chanjo yenyewe ni ya nini, akamsimulia habari ya Mwagulya tangu mwanzo, pamoja na maneno ya Rose.

"Arobaini na wawili, wa mtu mmoja?"

"Wa mtu mmoja."

Shimba akashuka. "Mayai yangu nilikuwa nanunua kwa akina mama kama huyo," alisema. Alikwenda kuchuchumaa kwenye baiskeli ya Teodora, akajaribu kupitisha kidole mbele, kisha nyuma. "Nani kakwambia unahitaji mawili? Uma wa mbele una nafasi ya kutosha. Panapokukwamisha ni nyuma." Akaitazama baiskeli yake. "Fremu ya kwangu ni pana. Nipe hilo lako la nyuma, nikupe hili la kwangu. Gurudumu langu litakuwa na tairi, na lako litazunguka."

"Utakuwa na moja nene na moja jembamba."

"Na wewe je?"

Walibadilishana pale pale uani. Kazi ilichukua nusu saa, kwa sababu nati za Shimba zilikuwa zimeshika kutu.

Mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha, Teodora alikwenda Mwagulya. Tope lilipanda kwenye gurudumu la nyuma na kudondoka. Alisimama mara mbili kukwangua, akaanguka mara moja, goti likachubuka. Alipofika mabanda yalikuwa bado yamefungwa na barafu imebaki zaidi ya nusu.

Kijiji kizima kilikuwa na kuku sitini na mmoja. Rose alikuwa na watano, aliowanunua mnadani.

"Anza kwa majirani," alisema. "Wangu nitakuletea."

Aliwaleta mwisho, mmoja mmoja, akiwashika mwenyewe vichwa wakati tone linaingia. Alimpa Teodora maji ya kuosha goti.

Mwezi wa Juni kideri kilizunguka tena vijiji vile. Mwagulya walikufa kuku watatu tu, wote wa mzee Yeremia, ambaye siku ya chanjo alikuwa msibani na banda lake lilikuwa na kufuli. Teodora alipopata habari alimpigia simu, akamwambia kuwa atapita Alhamisi alfajiri kuwachanja kuku wake waliobaki, na kama kutakuwa na kikwazo chochote atampigia tena Jumatano.