Mkebe Kando ya Kisima cha Cheptanui

Tangu mbuzi wa kwanza aanguke, Cheptanui alikuwa anamngoja mtu mmoja tu. Asubuhi ile ya Desemba, wiki mbili kabla ya kura, akamwona huyo anateremka mlima, kofia ya kampeni kichwani, chupa mbili za maji mgongoni. Sanjay, yule kijana mwenye duka la spea kule Nakuru.

"Karibu, kijana wangu," bibi akanong'ona, amejibanza juu kwenye mawe na mbuzi wake saba. "Leo utanijua."

Mwaka ulipoanza walikuwa thelathini na wanne.

Ilikuwa hivi. Januari ya mwaka huo, 2007, Sanjay alipotea katika jangwa hili la nyuma ya Marigat. Cheptanui akamkuta amekaa chini, midomo imepasuka, hata salamu hawezi. Akamkokota hadi kwenye laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake hulala chini, akaondoa miiba, akaondoa jiwe, akamchotea. Sasa, kisima cha mchanga ni cha ukoo. Mgeni akionyeshwa, anashika mchanga wake kifuani na kuahidi kwamba hatafungua mdomo. Sanjay alishika, akaahidi. Na mdomo kweli hakuufungua. Alichofungua ni kompyuta.

Kumbe kuna mchezo wa watu wa mjini. Unaficha mkebe mahali pa mbali, unaandika namba za mahali hapo kwenye intaneti, na wenzako wanautafuta kwa jipiesi, kidude kama simu kinachoonyesha njia. Anayeupata anaandika jina katika daftari lililomo, anachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Machi Sanjay akarudi kimyakimya, akaficha mkebe wake chini ya jiwe, hatua kumi kutoka kisimani.

Wakaja! Wengine waliogea pale pale na sabuni. Wengine waliondoka bila kurudisha miiba, mbweha akatumbukia akaozea ndani, na mbuzi wakanywa.

Cheptanui aliishia darasa la nne, lakini daftari lile alilisoma lote. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kuna maji matamu hapa karibu. Furahieni! Nitarudi Desemba kubadilisha daftari. Sanjay."

Matamu. Neno hilo alilitafuna miezi mitatu.

Sasa Sanjay alifika penye jiwe, akaliinua. Mkebe hakuna. Palikuwa na karatasi tu, imeandikwa kwa penseli: "Kitendawili. Mji wa watu elfu, hakuna moshi."

Kijana akacheka kwa sauti. "Ah, kuna mtu ameongeza utamu!" Akanywa maji, mengine akajimwagia shingoni. Kule juu, bibi akahesabu mikupuo.

Kichuguu alikipata baada ya saa nzima, na karatasi nyingine: "Ajuza amesimama juani, vikapu mia mikononi, na soko hana." Akazunguka. Akapanda, akashuka. Chupa ya kwanza ikaisha, ya pili ikafuata. Saa nane ndipo alipouona mgunga uliojaa viota vya ndege vinavyoning'inia. Chini yake mkebe ulikuwa umewekwa wazi, na kando ya mkebe amekaa Cheptanui na kibuyu mapajani.

"Gogo!" Sanjay akapiga magoti. Huko bibi huitwa gogo. "Asante Mungu. Nipe maji."

"Kitendawili."

"Gogo, please, nakufa."

"Mtu akitegewa hujibu nini, wewe?"

"Tega," akasema kwa sauti kama ya chura.

"Thelathini na wanne walikwenda kunywa. Saba wakarudi."

Sanjay akawatazama mbuzi. Akatazama mkebe. Uso wake ukabadilika polepole.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Chukua Nakuru."

"Nakuru siitaki. Nitaifanyia nini, ina mifereji. Nipe hicho kidude."

"Jipiesi? Gogo, bila hii siwezi kulifikia gari langu!"

"Na mimi bila kisima?" Akatikisa kibuyu, maji yakalia ndani. "Si mchezo wako unasema chukua kimoja, acha kimoja? Ulishachukua."

Akakitoa. Bibi akakizima mwenyewe, kidole kwenye kitufe, maana wageni alikuwa amewatazama vya kutosha. Akakitia ndani ya mkebe, mkebe ndani ya kikapu. Kisha akammiminia Sanjay maji ya kujaza kifuniko cha chupa. Kimoja tu.

"Hayo ni ya nini?"

"Ya kukufikisha kazini. Mbele kuna laga nyingine. Maji yako chini kimo cha mtu, na bega langu halichimbi tena."

Akampitisha njia za kupindapinda, vilima vitatu, hata yeye mwenyewe akachoka. Sanjay akachimba kwa sufuria aliyoitoa bibi kikapuni, na kwa kucha. Mchanga ukaporomoka, akaanza tena. "Hapa hakuna kitu, gogo!" "Chimba, dereva wa kompyuta. Hapo ulipo ndipo yalipo." Jua lilikuwa limeegemea mlima pale mchanga ulipogeuka mweusi, kisha ukang'aa. Akainama na viganja vyake.

Fimbo ikatua mbele ya pua yake.

"Mbuzi kwanza."

Wakanywa mmoja mmoja kutoka kwenye sufuria, bila haraka, na Sanjay ndiye aliyekuwa akiwachotea, machozi na mchanga usoni. Wa saba alipoinua kichwa, ndipo bibi akaondoa fimbo.

Sanjay alipomaliza kunywa akafuta mdomo. "Gogo, nimekosa. Namba nitazifuta. Naapa." Mkono wake ukachota mchanga, ukaupeleka kifuani.

Cheptanui akaupiga ule mkono, mchanga ukamwagika.

"Mchanga wangu usiuguse," akasema. Akafungua kanga yake, akamfunga macho kwa fundo gumu, akamshikisha mkia wa beberu. "Twende. Gari lako liko mbali, na mimi sitembei haraka."

Nyuma yao kisima kipya kilikuwa kimeshafunikwa, jiwe, kisha miiba.