Cherehani ya Ghorofa ya Tano

Nilipokuja kukaa na binti yangu, mjukuu wangu alikuwa na miezi mitatu kasoro siku chache. Likizo ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha, na baba mtoto ni dereva wa malori ya safari ndefu. Akilala nyumbani mara mbili kwa mwezi, huo ndio mwezi mzuri. Kwa hiyo nikaitwa mimi. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na begi langu na mto wangu wa kulalia, nikapakatishwa mtoto kabla sijavua viatu.

"Haya mama, mumeo huyo," binti yangu akasema. "Nakukabidhi."

Mume wangu akanitazama, akapiga chafya, akanikubali.

Kazi ya binti yangu inanitia tumbo joto mpaka leo. Anaendesha winchi, ile ndefu inayosimama katikati ya majengo yanayojengwa. Anapanda ngazi za chuma mpaka kwenye kibanda cha vioo huko juu, anakaa peke yake, anashusha nondo na matofali pale watu wanapofanya kazi. Anasema ukizoea ni kama kuendesha baiskeli. Mimi sijawahi kuona baiskeli inayobeba tani mbili.

Sasa niseme kosa langu, maana mengine yote yametokana nalo.

Juu yetu, ghorofa ya tano, alikaa fundi cherehani. Mchana alifanya kazi kwenye karakana ya watu, na jioni akirudi alishona kazi zake mwenyewe nyumbani. Giza likianza kuingia tu, utamsikia: trrr, trrr, kimya kidogo, halafu trrrrrr ndefu. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Dari letu lilitetemeka na glasi za kabatini zikaitikia. Siku ya tatu nikaona hapana, mtoto mchanga hawezi kulala chini ya treni. Ukweli ni kwamba alikuwa analala. Alikuwa analala fofofo. Lakini mimi nilishaamua kwamba atashtuka, na nikishaamua jambo huwa siamini hata macho yangu.

Nikamwambia mlinzi wa jengo. Huyu kila mtu humwita Redio, kwa sababu habari ukimpa anaitangaza, na sauti anaongeza mwenyewe. Nilimwambia hivi tu: "Baba, ukimwona fundi wa juu, mwambie tuna mtoto mchanga. Kama anaweza kupunguza kidogo."

Jioni ile ile pakawa kimya. Nikajiona nimefanya la maana.

Mtoto hakulala. Nilimbeba, nikamwimbia, nikamtembeza kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi, hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Akisinzia nikimlaza, anafumbua macho kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau. Kesho yake vivyo hivyo. Tukasema ni tumbo, tukamkanda tumbo. Tukasema ni joto, tukafungua madirisha. Tukasema ni mbu, tukayafunga. Baba yake akapiga simu kutoka njiani, akasema eti tumwashie feni. Mume wangu akaitazama feni kwa hamu kubwa mpaka alfajiri.

Jumatatu binti yangu akarudi kazini. Aliamka saa kumi na nusu, kama kulala kule ni kulala, akanywa chai akiwa amesimama, akavaa buti zake. Nikabaki na mtoto na mawazo. Kutoka dirishani kwetu winchi zinaonekana tatu, mbali, juu ya mapaa. Sikujua yake ni ipi, kwa hiyo nilizichunga zote. Nilikuwa nikiosha chupa ya mtoto nakwenda kuchungulia. Nikianika nepi nakwenda tena. Moja ikisimama muda mrefu, sibanduki dirishani mpaka igeuke.

Jumatano jioni alirudi, akakaa kwenye kochi na buti miguuni. Yeye ambaye hata mimi hunifokea nikiingia na viatu!

"Mama," akasema, "leo nimesinzia."

"Wapi? Kwenye gari?"

"Juu."

Nikaiweka chini nepi niliyokuwa nakunja.

"Ni sekunde moja tu. Nilikuwa nashusha mbao. Kijana wa chini akapiga filimbi ndiyo nikashtuka. Hakuna aliyeumia." Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Nikisinzia tena nitawaambia wanishushe. Na wakinishusha, hawanipandishi tena. Kuna watu wanne wanakitaka kiti kile."

Nilimvua buti mwenyewe, kama alipokuwa mdogo. Akafumba macho, kisha akasema polepole, "Hivi, fundi wa juu amehama? Simsikii siku hizi."

"Sijui," nikasema.

Nilijua vizuri kabisa. Lakini aibu ilinishika ulimi, na hata hapo bado sikuwa nimeunganisha hili na lile.

Alhamisi alasiri nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda sokoni kutafuta vitunguu. Alilia njia nzima. Upande wa nyuma wa soko kuna kibaraza kirefu, mafundi cherehani wamekaa kwa mstari, kama kumi hivi, kila mmoja na mashine yake. Nilipofika kwa fundi wa tatu, mgongo ukawa mzito. Nilipofika kwa wa sita, kilio kimekatika. Nikageuza shingo: mume wangu amelala, mdomo wazi.

Nikaendelea kwenda kwenye vitunguu. Hatua ishirini mbele, akaamka na kupiga ukelele. Nikarudi kwa mafundi. Akalala. Nikaondoka, akaamka. Nikarudi tena.

"Mama, umedondosha nini?" fundi mmoja akauliza. "Tukusaidie kutafuta?"

"Anakagua gwaride huyo," mwenzake akasema. "Kazeni migongo!"

Wakacheka. Lakini mmoja wao, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwona mtoto, akaelewa. Alisogeza kigoda kwa mguu wake mpaka karibu na mashine yake, akaendelea kushona. Nikakaa. Nikakaa karibu saa nzima nikiwa nimeinama, na miguuni mwangu vikajaa vipande vya kitambaa cha rangi zote. Ndipo yote yakanijia. Mtoto huyu alikuwa ameisikia mashine ile tangu yuko tumboni. Kila jioni ya maisha yake mafupi alilazwa na mtu wa juu ambaye hajawahi kumwona, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Na kijana aliyepiga filimbi, je, asingepiga?

Sikununua vitunguu. Nilirudi, nikapita mlango wetu bila kusimama, nikapanda ghorofa ya tano nikihema, nikakaa kwenye ngazi kumsubiri. Alipofika, jua lilikuwa linazama. Mwanaume mwembamba wa makamo, ana mfuko mkubwa begani.

"Shikamoo mama," akasema, akashtuka kidogo. "Kuna tatizo? Mbona sijagusa kitu?"

"Marahaba baba. Tatizo ni mimi. Nifungulie."

Chumba kilikuwa kimoja, safi. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka kama mgonjwa, na chini ya miguu yake kumewekwa vipande vya zulia kuukuu, viwili viwili. Juu ya kitanda kulikuwa na rundo la mashati meupe ya shule. Nikainua moja, nikatazama mshono. Sikuamini. Nikainua la pili.

"Unashona kwa mkono?"

Akaficha mikono nyuma kama mtoto, lakini nilishaiona. Vidole vitatu vilikuwa vimefungwa plasta.

"Ni arobaini tu, mama. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimebakiza kumi na tisa. Nilijaribu kwanza hayo mazulia, nikaona bado inalia. Na Redio alisema mkisikia tena mtaita polisi."

"Polisi! Mimi?"

"Alisema bibi wa chini ni mkali, hana mzaha."

"Mwanangu, mimi nilisema kidogo. Upunguze kidogo! Hilo ndilo neno langu."

Akacheka bila sauti. "Basi limepanda ngazi likaongezeka. Lakini si neno, mama. Mtoto ni mtoto. Wa kwangu wako mbali, wanakaa na mama yao, siku wakilala nataka jirani awanyamazie."

Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga vizuri tangu sokoni, yakatawanyika yote.

"Washa mashine," nikasema mwishowe.

"Mama, usinionee huruma. Nitamaliza."

"Huruma naiomba mimi. Huyu hajalala siku sita, na mama yake yuko juu ya winchi anasinzia. Kanyaga hiyo mashine, baba, utaona mwenyewe."

Alinitazama kama anayesubiri nicheke. Sikucheka. Mtoto alikuwa ameshaanza kulia, kile kilio cha kuchoka kinachokwaruza. Fundi akaondoa shuka, akavuta kiti, akaweka shati chini ya sindano. Trrr. Kilio kikasita. Trrrrrr. Nikamfungua mgongoni. Fundi akasogeza mashati yaliyokwisha kwa kiwiko, akatandika shuka juu ya kitanda, nikamlaza. Mtoto akatazama dari, akavuta pumzi moja ndefu iliyokatikakatika, akafumba macho.

"Looo," fundi akanong'ona. "Kumbe nina mteja."

Binti yangu alitukuta hapo. Alikuwa ametutafuta nyumba nzima, akauliza kwa Redio, Redio akamwambia nimekwenda kupigana. Akasimama mlangoni na buti zake na uso uliopauka, akamwona mwanawe, akaona mashine, akanitazama mimi.

"Mama. Ni wewe uliyemnyamazisha?"

"Ni mimi," nikasema. "Nisamehe."

Nilidhani atafoka. Akaanza kucheka, akaziba mdomo, akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye ukuta. Alisema atanigombeza kesho, leo hana nguvu. Kabla sijamjibu, kichwa kilishamwangukia begani. Nikamvua buti kwa mara ya pili wiki ile.

Basi tukabaki hivyo, wawili wamelala, wawili macho. Fundi alimaliza shati moja, akachukua la pili, akalimaliza. Alipokata uzi na mashine ikasimama, mtoto akajinyonganyonga, na binti yangu naye akakunja uso usingizini. Fundi akarudisha miguu haraka, sauti ikaanza tena, nyuso zote mbili zikalainika.

Nilitazama zaidi. Chini ya sindano hapakuwa na shati. Alikuwa ametoa uzi. Alikuwa anakanyaga bure, mashati kumi na saba yakimsubiri, vidole vyenye plasta vimepumzika mapajani, macho yake yako kwa mtoto.

"Shona, baba," nikamnong'oneza. "Sauti ni ile ile."

"Najua," akasema. "Nilitaka kwanza nimtazame."

Akachukua shati. Nami nikavuta rundo karibu, nikatafuta sindano ya mkono na sanduku la vifungo, nikaanza na shati la kwanza, sikio langu likiwa kwenye mashine na jicho kwa mume wangu, nisije nikasogea vibaya nikamwamsha.