Mita ya Pampu ya Lukunge

Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa bado limekalia vilele vya Uluguru, na mabati ya ofisi za Halmashauri ya Mji wa Kilumbanga yalikuwa yakidondosha matone.

Bartholomeo Kobelo, fundi mkuu wa umeme wa halmashauri, aliingia katika chumba cha mikutano akiwa wa mwisho. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Katika miaka thelathini na moja ya kazi hakuwahi kupewa hata barua moja ya onyo.

"Karibu, mtani," alisema Stambuli, mchumi wa halmashauri na mwenyekiti wa kamati. "Nilidhani umefia njiani. Nilikuwa naagiza jembe."

"Ukinizika wewe nitafukuka. Kaburi ulilochimba wewe hata kuku analifukua."

Wajumbe watatu waliosalia walicheka. Wote walijua kwamba ukoo wa Bartholomeo na ukoo wa Stambuli ni watani tangu enzi za mababu. Akifa mtu wa ukoo huu, watu wa ukoo ule ndio huja kuchimba kaburi. Na kwa kuwa wamepewa dhamana ya kuzikana, wamepewa pia ruhusa ya kuambiana lolote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Kazi ya siku ilikuwa kuchagua kampuni ya kusimamia ankara za umeme za mji. Halmashauri ilikuwa na mita mia moja na kumi na nne: za shule, za ofisi, za taa za barabarani, za pampu za maji. Kwa miaka mingi ankara zililipwa kama zilivyokuja, bila mtu kuuliza. Kampuni tatu ziliomba kazi hiyo. Moja ilikosa cheti cha kodi. Ya pili bei yake ilitisha. Ikabaki Mwangaza Hesabu, na mhandisi wake, Parag, aliitwa kuja kufafanua maombi yake.

Parag alizaliwa Morogoro mjini, ambako babu yake aliuza taa za chemli na tambi zake. Aliwaamkia wazee shikamoo, akafungua jalada, akasema bila kuzunguka.

"Katika mita zenu, kumi na tisa mnazilipia bure. Majengo yalibomolewa, au mashine zilikufa, lakini ankara zinaendelea kuja. Tukipewa kazi, tutazikata katika juma la kwanza. Orodha ni hii."

Karatasi zikazunguka mezani. Bartholomeo alivaa miwani. Namba kumi na mbili ilisomeka hivi: Pampu ya Maji, Lukunge. Haifanyi kazi.

Lukunge ilikuwa kwa mama yake, juu mlimani, mahali ambapo barabara inaisha na bustani za kabichi zinaanza. Ni kweli pampu ile ilikufa. Maporomoko yalifukia chemchemi miaka sita nyuma. Lakini mwaka uliofuata wanakijiji walijenga wodi ya wanawake nyuma ya zahanati yao. Walibeba mawe kichwani, wakafyatua matofali wenyewe. Zahanati ilikuwa na umeme wa jua uliotosha friji ya chanjo na taa nne, basi. Wodi haikuwa katika ramani yoyote ya halmashauri, na jengo lisilo na ramani haliombewi mita.

Basi Jumamosi moja Bartholomeo alipanda na rola ya waya, akavuta umeme kutoka mita ya pampu hadi wodini. Wanawake walipiga vigelegele. Masista wa misheni, walipoona umeme upo, walileta mashine ya oksijeni. Dada yake, Catherine, aliyeshika ardhi ya ukoo baada ya mama yao, alimchinjia kuku.

"Mkubwa wako wa kazi anajua?" Catherine alimwuliza siku ile.

"Atajua."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Mficha maradhi, mdogo wangu," alisema Catherine. Hakuimalizia methali. Wote wawili walijua mwisho wake.

Nafasi haikupatikana. Kuunganisha umeme bila kibali lilikuwa kosa la kufukuzisha kazi, na mtu aliyefukuzwa hustaafu na mikono mitupu.

"Mzee Bartholomeo," alisema Parag, "hii namba kumi na mbili inanisumbua. Kumbukumbu zinasema pampu imekufa. Lakini kila mwezi mita inasoma. Si nyingi, ila inasoma. Nani anautumia huo umeme?"

Jibu Bartholomeo alikuwa nalo, fupi, limekamilika. Wodi ya wanawake. Niliunganisha mimi. Maneno matano. Alifungua kinywa, akakifunga, akavua miwani akaifuta.

Stambuli aliona mwenzake ameshikwa, akamwokoa kwa njia aliyoizoea.

"Mtani, au ndio mnaochomea mahindi huko kwenu?"

Wajumbe walicheka, na Bartholomeo akaona mlango. Akapita.

"Ikateni, muone! Mkiikata, dada zangu wa Lukunge watafia wodini. Na wewe Stambuli utapanda mlima na jembe begani, na sanda utainunua kwa mshahara wako."

Stambuli alipiga meza kwa kiganja. "Sanda? Kwa dada zako wale, walivyonona kwa viazi? Nitahitaji turubai la lori la nyanya!"

Kicheko kilifika hadi masjala. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Samahani," alisema Parag. "Hilo ndilo jibu?"

"Hao ni watani, Bwana Parag," alisema Joyce, afisa ununuzi na katibu wa kamati, akifuta machozi ya kicheko. "Ukiwasikiliza utalala hapa." Alishika kalamu. "Niandike nini, Mwenyekiti?"

"Utani hauandikwi. Andika: mtumiaji hajulikani, mita ikatwe." Stambuli alimgeukia Bartholomeo, bado anatabasamu. "Au sivyo, mtani?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na ilikuwa wazi kuliko ya kwanza.

"Andika," alisema Bartholomeo.

Walitia saini wote watano. Saa sita kasoro robo Mwangaza Hesabu walikuwa wamependekezwa.

Parag alimsubiri barazani. "Mzee, yale maneno ya wodini."

"Utani wa Kiluguru, kijana wangu. Na nyie mna wenu huko kwenu."

"Kwetu ni hapa hapa."

"Basi ungecheka."

Parag aliaga kwa heshima, akaenda kwenye gari lake.

Njiani kurudi karakana, Bartholomeo alijiambia kwamba amesema. Mbele ya watu watano, saa za kazi, kwa sauti ya kusikika, amesema kwamba kuna wodi na kwamba watu watakufa. Kama hawakutaka kusikia, shauri yao. Aliirudia hoja hiyo jioni ile, na asubuhi yake, na siku nyingi zilizofuata, na kila alipoirudia ilimtosha kidogo kuliko mara iliyotangulia. Dawa ilikuwa barua moja kwa mkurugenzi. Aliianza mara mbili. Mara ya kwanza aliishia kwenye kichwa cha habari. Mara ya pili alifika "Ninasikitika," akaikunja, akaitia mfukoni, ikafuliwa pamoja na suruali.

Mkataba ulisainiwa tarehe 30 Aprili. Masika yalikuwa yamepamba moto. Jumamosi, tarehe 3 Mei, Catherine alilazwa wodini Lukunge kwa nimonia. Alikuwa na miaka sitini na minne, na mapafu yake yalikuwa yamevuta moshi wa kuni tangu utotoni. Muuguzi wa zahanati, Upendo, alimwunganisha kwenye mashine ya oksijeni, akampigia Bartholomeo simu Jumapili baada ya misa.

"Anaendelea vizuri, baba. Amekula uji. Anasema umletee machungwa, lakini yasiwe yale machachu ya stendi ya Msamvu."

Bartholomeo alicheka kwa faraja. Mita aliikumbuka. Alijiambia kwamba kampuni lazima ingeanza na mita za mjini, ambako barabara ni nzuri. Angepanda Jumatatu jioni na machungwa, na akishuka angeiandika ile barua.

Parag naye alifikiri kuhusu barabara. Kwa kuwa mvua ilikuwa inazidi kuiharibu, aliamua mafundi waanze na mita za mlimani.

Jumatatu, saa sita na dakika ishirini mchana, simu ilimkuta Bartholomeo kwenye ngazi.

"Baba, umeme wa wodi umekatika," alisema Upendo. Alikuwa anahema. "Kuna vijana wamekuja na gari, wamekata kule kwenye pampu, wameondoka. Hata hapa hawakufika. Mashine imezima."

"Ichomeke jengo kubwa la zahanati."

"Nimeichomeka. Umeme wa jua hauiwezi. Inalia mara moja, inazima. Nimeita gari la wagonjwa. Baba, vidole vyake vinabadilika rangi."

Bartholomeo alishuka ngazi bila kujua ameshuka vipi. Alimpigia Parag.

"Wodi ya wanawake," alisema. "Niliunganisha mimi."

"Nawarudisha," alisema Parag, akakata simu.

Mafundi walikuwa wameshashuka hadi barabara ya Mzumbe. Waligeuza. Kwenye kona ya tatu kabla ya Lukunge gari lao lilizama kwenye tope hadi ekseli, na gari la wagonjwa likaja kusimama nyuma yake, barabara yote ikaziba. Mafundi walipanda kwa miguu, vifaa mgongoni. Umeme ulirudi saa tisa na nusu alasiri. Catherine alikuwa amefariki saa tisa na dakika kumi, amekalishwa kitandani, mgongo wake umeegemea kifua cha Upendo ili apate kupumua.

Alizikwa Jumatano kwenye makaburi ya misheni. Stambuli alikuja, kama ilivyompasa. Alivua kofia yake, akakunja kanzu kiunoni, akaingia kaburini na jembe pamoja na vijana wawili wa ukoo wake. Waombolezaji walikaa wakingoja. Walijua mtani hufanya nini: hulala kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe kuku, humsema marehemu kwa ubahili wake, huwachekesha wafiwa kwa nguvu ili huzuni isiwapasue. Stambuli alichimba. Alifika magoti, akafika kiuno. Hakusema neno. Watu wakaanza kutazamana.

Bartholomeo alisogea ukingoni.

"Sema kitu, mtani. Watu wanakungoja."

Stambuli aliegemea jembe. Aliwaambia vijana wapande wakanywe maji. Walipoondoka alisema, "Sanda nimenunua. Kwa mshahara wangu. Kama ulivyoagiza."

Bartholomeo alichuchumaa ukingoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulinitania."

"Mlango uliufungua wewe, Stambuli. Mimi nilipita tu."

"Ndiyo, niliufungua. Nilikuona umebanwa, nikakuonea huruma." Alifuta jasho kwa mkono wenye udongo, na udongo ukabaki usoni. "Ningejua umebeba maiti mgongoni, ningeufunga. Nikakuuliza tena, au sivyo, mtani? Ukasema andika. Kwa mdomo wako."

"Nilibakiza miezi saba."

"Sasa?"

"Mitano."

"Mitano," alisema Stambuli, taratibu.

Kutoka kanisani walianza kusikia wimbo wa jeneza likitolewa. Bartholomeo aliinama, akamnyooshea mkono ili amvute juu. Stambuli aliutazama mkono ule, akauacha hewani. Aliinua jembe, akarudi kunyoosha ukuta wa kaburi, ingawa ulikuwa umenyooka.

Yaliyofuata ni haya.

Upendo aliandika kwenye rejista: nimonia, saa tisa na dakika kumi alasiri. Chini yake aliandika saa umeme ulipokatwa na saa uliporudi, ingawa rejista haina safu ya mambo hayo.

Parag alisimamisha ukataji wa mita zote zilizobaki, akaenda kuzitazama mwenyewe, moja baada ya nyingine. Katika mbili alikuta watu wanaoutumia umeme.

Joyce alitoa muhtasari wa tarehe 11 Machi, akaambatisha ukurasa wenye maneno yote ya utani kama alivyoyakumbuka, turubai la nyanya likiwamo. Alitia saini na tarehe mpya.

Stambuli alikataa kuku wa kaburi. Alijiuzulu uenyekiti wa kamati. Alipokutana na Bartholomeo kwenye korido ya ofisi, alimwita Bwana Kobelo.

Bartholomeo alipeleka barua yake kwa mkurugenzi Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilianza kwa maneno matano. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Alirudisha ngazi, koleo na glovu za mpira stoo, akapewa stakabadhi, akapanda Lukunge kwa miguu. Machungwa aliyokuwa ameyanunua Jumatatu aliwagawia wagonjwa wodini.

Mwezi Julai orodha ya mita za mji ilichapwa upya. Namba kumi na mbili ilisomeka: Wodi ya Wanawake, Lukunge. Inafanya kazi.